Jinsi ya Kukataa Bila Kusema Hapana

Wanangu mnaokuja kwangu Kibiti kuniuliza kazi ya ukalimani inataka mtu wa namna gani, nawajibu kabla hamjakaa: inataka mtu mwenye haya. Najua hamniamini. Mnadhani inataka mwenye mdomo. Mwenye mdomo mpelekeni stendi akapigie debe mabasi ya Lindi.

Mimi nilipokuwa sekondari nilikuwa naona haya hata kuitikia jina langu. Mwalimu wa zamu akiniita, nainua kalamu, na zaidi ya mara moja niliandikwa mtoro nikiwa nimekaa mbele yake. Mambo yangu yote nilikuwa nikiyaandika jioni kwa kirefu, maana karatasi haikukodolei macho. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyekuja kulipwa kusema maneno ya wengine, miaka yote ile, katika kambi nyingi za barabara. Na sikuona ajabu. Hakuna mahali pazuri pa kujificha kama ndani ya maneno ya mtu mwingine.

Neno la kwanza nililofundisha kambini lilikuwa "no". Mtoto wa chekechea analijua. Na neno hilohilo ndilo lililokuja kuwekwa kinywani mwangu siku katapila lilipokuwa linanguruma chini ya kilima walikozikwa watu wetu wa vita vya Maji Maji. Nitafika huko. Kwanza niwaeleze neno lenyewe lilivyo gumu, maana nyinyi mnalitupatupa tu siku hizi, hata kwa mama zenu.

Kambi ilikuwa nje kidogo ya Kibiti, ya Wachina waliokuja kujenga barabara ya kuingia deltani. Mkubwa wao alikuwa mhandisi, Bwana Lu, mtu mwembamba, taulo dogo shingoni kutwa nzima. Yeye hakujua Kiswahili, sisi hatukujua Kichina, kwa hiyo katikati tuliweka Kiingereza, kama daraja la magogo: kila mtu analiogopa, lakini hakuna lingine. Aliyeniingiza kazini ni Mwalimu Kipange, mstaafu aliyekuwa mkalimani wa kambi kabla macho hayajamsumbua. Mafunzo yake yote yalikuwa sentensi moja.

"Wewe ni bomba," aliniambia. "Maji yakiingia machafu, yatoke machafu. Bomba halitii sukari."

Asubuhi nilikuwa bomba. Alasiri nilikuwa mwalimu, bandani pao pa kulia chakula, nikiwafundisha Kiingereza Bwana Lu na madereva wa mitambo. Tukaanza na "no", kwa sababu vibao vyote vya barabarani vinaanza nalo: usipite, usiegeshe, usivute sigara karibu na mafuta. Kusoma hawakupata shida. Shida ilikuja nilipotaka walitamke mbele ya mtu.

Bwana Lu alinieleza kwamba kwao hakuna neno moja la kukataa linalosimama peke yake namna ile. Ukiulizwa unakula, unajibu huli. Ukiulizwa unakwenda, unajibu huendi. Nikamwambia sisi pia ni hivyo hivyo, sili, siendi. "Hapana" lipo, lakini ukimtolea mkubwa wako likiwa peke yake ni kama umemfungia mlango usoni.

"Sasa mkubwa mnamjibuje?" akauliza.

Nikafikiri. "Tunamwambia inshallah."

"Sisi tunamwambia tutalichunguza," akasema, na kwa mara ya kwanza nikamwona anacheka.

Basi ndivyo tulivyokuwa: watu wa mataifa mawili yasiyosema hapana, tumekaa kwenye mabenchi tunajifunza hapana ya taifa la tatu, ambalo lenyewe halikuwapo.

Nikatunga zoezi. Mimi nampa mtu kitu asichokitaka, naye anakataa kwa adabu. Nikampa dereva wa katapila kipande cha chaki. Akakipokea kwa mikono miwili akashukuru. Nikatoka nje nikaokota jiwe, nikampa. Akalipokea kwa mikono miwili, akaliweka vizuri kando ya chaki. Nikasema tugeuze, wao wanipe mimi, waone mwalimu anavyokataa. Mpishi wao akaniletea bakuli la kabeji iliyovundikwa kwa chumvi na pilipili mpaka ikachacha. Harufu yake ilitangulia kuingia yeye akafuata. Darasa zima likanitazama. Nikala. Machozi yakanitoka mpaka kidevuni.

"Nzuri sana," nikasema.

Akaniongezea.

Msidhani tulikuwa hatuelewani. Tulielewana kupita kiasi. Siku moja alikuja mhandisi mshauri, Mzungu aliyekuwa akikagua kazi. Akamuuliza Bwana Lu, "Kalavati lile hamjalimaliza?" Bwana Lu akajibu "yes", maana yake ndiyo, hatujalimaliza. Yule bwana akataka uhakika, akamgeukia Kassimu, nyapara wetu, mtu wa Chumbi: "Kwa hiyo hamjalimaliza?" Kassimu akajibu "yes". Akanigeukia mimi, nami nikasema "yes", tena kwa sauti, nikajisifu moyoni. Akafurahi, maana kwake "yes" hiyo ni kwamba tumelimaliza, akatangulia kwenda kulikanyaga kalavati alilodhani limekamilika, akazama kwenye tope mpaka kiunoni. Tulipomvuta akauliza kwa nini watu watatu wamemdanganya. Kassimu alishangaa kweli.

"Dada," aliniambia, "huyu tumemwambia ukweli sote, kasikia nini?"

Naona mnacheka. Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo palipotaka kutuponza.

Nyinyi mmekulia huku lakini sijui kama mmewahi kuona posa inavyokataliwa. Shangazi yangu wa Umwe alikuwa na mabinti wanne, na mimi nilikuwa jikoni kwake nikijificha wageni wasinione. Posa anayoitaka ikija, ni ugomvi: mahari haitoshi, kijana mfupi, mbona mjomba wake hakuja. Ugomvi huo ni dalili njema, watu wanaanza undugu. Asiyoitaka ikija, unasikia kinu. Wageni wanapikiwa wali wa nazi, wanachinjiwa kuku, wanasindikizwa mpaka barabarani na mkungu wa ndizi. Wakifika kwao wanautazama ule mkungu, wanaelewa, hakuna aliyeaibika.

Bwana Lu hakuwahi kuposa Umwe.

Barabara inakula kifusi kama mtu aliyetoka kuugua anavyokula uji. Na upande ule wa kwendea deltani ardhi ni mchanga na tope. Kilima cha kifusi kizuri chekundu kilikuwa kimoja tu. Juu yake pana kichaka ambacho hakikatwi kuni. Humo ndimo walimozikwa watu wa vita vya Maji Maji, haraka haraka, bila mawe ya kuandikwa majina, vipande vya vyungu tu juu ya udongo. Babu yake mama yangu yumo. Aliyekitunza kilima ni Bibi Mwanahawa, nyumba yake iko miguuni pake. Kila mwaka kabla ya kupanda mpunga alikuwa akipanda juu na ubani na unga, anasoma fatiha, anafagia, anashuka.

Wapimaji wakaja, wakapigilia vigingi vyenye vitambaa vyekundu kukizunguka kilima chote. Kesho yake asubuhi vigingi vyote vilikuwa getini kambini, vimefungwa mzigo mmoja kwa ukindu, na Bibi Mwanahawa amesimama kando yake na mkungu wa ndizi.

"Shikamoo bibi," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Mwambie bosi wako vijiti vyake vilianguka kule juu, tumewaokotea. Na hizi ndizi zao, watoto wa watu wanashinda juani."

Nikatafsiri, bomba. Bwana Lu akaguswa sana. Kwingine, alisema, vigingi vinaibiwa vinakuwa kuni. Hawa ni waaminifu ajabu. Akampa bibi kopo la majani ya chai kwa mikono miwili. Vigingi vikarudishwa kilimani.

Vikarudi getini na kuku.

Bwana Lu akatoa biskuti na sukari. Wapimaji wakaambiwa wapige nyundo zaidi, maana inaelekea udongo ni laini. Udongo ule ni mgumu kama mfupa. Vikarudi tena, safari hii na jogoo na kapu la mchele mpya, na Bibi Mwanahawa akauliza hali ya watoto wa Bwana Lu mmoja mmoja. Urafiki ulinawiri. Kilima hakikupata nafuu yoyote, kwa sababu kila walipopeana zawadi Bwana Lu aliona ameruhusiwa, na bibi aliona amekataa.

Nikaenda kwa Mwalimu Kipange. "Mwalimu, yule mtu anakataliwa wala hajui."

"Bibi amesema hapana?"

"Hajasema."

"Basi bomba litalitoa wapi?"

Nikaenda kwa Bibi Mwanahawa. Nilimkuta anasuka mkeka, ukindu umeloweshwa kwenye beseni. Nikamwambia, "Bibi, hawa watu hawajui mambo ya ndizi. Mwambie tu wazi kwamba hutaki. Alhamisi wanaleta katapila."

Hakuinua macho. "Wazi wazi?"

"Ndiyo bibi."

"Waliosema wazi wazi wako juu kule." Akavuta ukindu mwingine. "Wewe umesoma, shuleni mmefundishwa maji ya dawa, risasi kugeuka maji. Mnapenda hapo kwenye dawa. Mama yangu hakuwa akisimulia dawa. Alikuwa akisimulia pamba. Akida anakuja, anawatoa watu kwenye mpunga wao wakalime pamba ya Mdachi. Wakasema ndiyo mwaka wa kwanza, wakasema ndiyo wa pili. Siku moja wakaingia shambani mchana, watu wanaona, wakaing'oa. Hiyo ndiyo hapana yao. Wazi wazi kama unavyotaka wewe. Bunduki zikaja, njaa ikafuata, na waliobaki kuwazika ni wanawake. Mama yangu alikuwa mwali. Alichimba kwa jembe alilopewa la kulimia pamba."

Nikamsogezea beseni la ukindu.

"Tangu hapo sisi hatung'oi pamba ya mtu, mwanangu. Tunang'oa kijiti, tunamrudishia mwenyewe na kuku."

"Na Alhamisi, bibi?"

"Waje. Watakula."

Alhamisi Bwana Lu alitangulia na gari, mimi nyuma yake, katapila likafuata. Miguuni pa kilima mkeka mpya ulikuwa umetandikwa. Sinia la wali wa nazi, samaki wa kukaanga, mchuzi wa kuku, maji ya kunawa na sabuni ambayo haijafunguliwa. Nilipoona ile sabuni nikajua tumefika mwisho wa adabu, bibi hana kitu kingine cha kupika. Dereva wa katapila hakuzima injini. Alikuwa yuleyule aliyepokea jiwe, na nilijua akiambiwa achimbe atachimba kwa uangalifu huohuo.

Bwana Lu akaniambia nimshukuru bibi kwa kilima. Wanaanza sasa, na wakimaliza watapasawazisha vizuri vijana wapate uwanja wa mpira. Nikasema yote hayo kwa Kiswahili.

Bibi Mwanahawa akatabasamu. "Mwambie karibu sana. Kilima ni chake kama kilivyo chetu. Ila mimi mwanamke tu, sina kauli. Wenyewe wako mle ndani wamelala, na sijapata kuwaamsha. Akipenda angoje mvua zipite, mavuno nayo yapite, inshallah tutaulizana. Kwanza ale."

Wanangu, haya ningeyatafsiri neno kwa neno, Bwana Lu angesikia hivi: karibu, kilima ni chako, wenye mali wamelala kidogo, kula. Angekula, angengoja wenye mali waamke, asipowaona angeanza. Na mimi ningekuwa nimefanya kazi yangu bila doa. Nilitazama sinia. Nilitazama kichaka kule juu. Haya ikanishika kama siku za kuitwa majina darasani.

"No," nikasema.

Bwana Lu akanigeukia. "Bibi amesema maneno mengi."

"Kwa Kiswahili ni refu."

"Yote yale ni hilo?"

"Yote ni hilo. Tangu siku ya ndizi."

Akatoa taulo shingoni akajifuta uso, akalikunja, akalirudisha. "Kuna nini juu?"

"Makaburi. Ya vita vya zamani. Babu yake mama yangu yumo."

"Hukuniambia."

"Hakuna aliyelisema nikatafsiri."

Mimi nikatazama viatu vyangu. Halafu akainua mkono bila kugeuka, na injini ikazimika. Akamwinamia bibi, akasema kwa Kiingereza maneno marefu sana: kwamba kilima ni kizuri mno, kwamba kampuni itakichunguza upya, kwamba hali ya hewa, kwamba mipango ina hatua zake, kwamba labda msimu mwingine.

"Hawachimbi," nikamwambia bibi.

"Mbona kasema mengi?"

"Kwao ni refu."

Akala. Wote wakala, madereva wakaongezwa, hata mimi nikameza tonge. Nilidhani bibi atanikumbatia. Tulipokuwa tunakusanya sahani akanishika ncha ya kanga akanivuta nyuma ya nyumba.

"Na mimi ulimwambia nimesemaje?"

"Nilimwambia hapana."

"Hapana na nini?"

"Hapana tu, bibi."

"Kavu?"

"Kavu."

Akaweka mkono kifuani. "Mgeni. Nyumbani kwangu. Sinia limetengwa."

"Bibi, kilima kimepona."

"Kilima nimekisikia. Nakuuliza mimi nitamtazamaje yule mtu." Akajifunga ushungi upya. "Umenivua nguo, mwanangu, mbele ya wageni wa Mungu."

Na hakunisamehe. Mpaka anafariki, kila nilipomwamkia aliitikia marahaba, kisha akawaambia waliopo, "Huyu ndiye aliyenisemea," wala hakuwa akinisifu. Kilima kipo. Kifusi kilitolewa mbali, kazi ikachelewa, barabara ikakamilika hivyo hivyo. Nyinyi mnapita pale na bodaboda zenu mnadhani ni kichaka tu mtu kakisahau.

Mwalimu Kipange naye hakusema nimekosea wala nimepatia. Alisema bomba likianza kuchagua maji, mwenye nyumba lazima alitazame upya, hata kama limechagua vizuri. Nimelifikiri neno lake miaka mingi na sijalipatia jibu. Ukalimani unakutaka usiwepo. Lakini siku hufika, moja au mbili katika maisha ya kazi, watu wawili wanastahiana mpaka wanataka kufukua maiti, na wewe pekee ndiye unayesikia pande zote. Siwafundishi cha kufanya siku hiyo. Nawaambia tu kwamba ina gharama yake, na atakayekutoza si adui.

Jumamosi yake Bwana Lu aliniita ofisini. Alinivutia kiti mwenyewe. Aliniuliza hali ya mama. Aliniambia Kiingereza changu ni safi, madereva wamepiga hatua kubwa, kambi nzima inaniheshimu. Nje greda lilikuwa likipita, akangoja lipite kabisa ndipo akaendelea, kwa sauti ya chini.

"Umefanya kazi sana. Nakuona umechoka. Pumzika nyumbani siku kadhaa. Kambi itakuita."

Hakukunja uso. Alikuwa mpole kuliko siku zote, na kwa upole ule nikajua. Sikumuuliza siku gani. Nilimshukuru, nikamwambia inshallah, akainamisha kichwa, nami nikainamisha changu, tukaachana kama watu wanaoheshimiana.

Nikaenda moja kwa moja stoo, nikaweka mezani kofia ya kazi na buti. Mtunza stoo akazitazama, akanitazama.

"Dada, bosi kasema upumzike tu. Buti za nini unarudisha?"

"Zifute tope," nikamwambia, "umpe atakayekuja."